Njombe na watoto wadogo: usiku wa baridi hii mnaupitishaje?

BintiPangani

Assalaam alaykum, na habari za jioni nyote. Wenyeji wa Njombe, Makete, Mufindi na Makambako, naomba msaada wenu, hasa wenye watoto wadogo.

Mimi ni wa Pangani. Mume wangu kahamishiwa kazi huku Njombe mjini, tulifika mwezi wa tatu mvua bado zinanyesha. Baridi ya wakati ule tuliiweza. Hii ya sasa ni nyingine. Kwetu kipupwe ni wakati mzuri kuliko wote wa mwaka: kusi inavuma, usiku unajifunika kanga ya pili, basi. Huku nikiamka alfajiri kuswali, maji ya ndoo yanauma vidole mpaka mifupani, na ukungu umeshuka hata nyumba ya jirani siioni.

Nina watoto watatu. Mkubwa ana miaka mitano, anasoma awali. Wa kati ana miaka miwili na nusu. Wa mwisho kazaliwa huku huku, ana wiki saba. Nyumba tuliyopanga ni ya tofali za kuchoma, bati juu, haina silingi, na pale ukuta unapokutana na paa kuna uwazi unaopitisha mkono. Chini saruji tupu. Mchana jua likitoka, nje kunakuwa na joto kuliko ndani, kwa hiyo tunashinda barazani. Jua likizama tu, baridi inaingia nyumbani na haitoki tena mpaka kesho yake saa nne.

Mama alinifungia chupa ya mafuta ya nazi ya kumkanda mtoto. Juzi asubuhi nataka kuyamimina, hayatoki. Yameganda meupe pe, nimepindua chupa juu chini halikudondoka hata tone. Chupa ilikuwa kabatini, chumba hicho hicho tunacholala. Nikamtazama mwanangu nikaingiwa na hofu kwelikweli: kama mafuta yameganda humu, yeye aliyelala humu anahisije?

Sasa maswali yangu. Jirani yangu, mama mwenye moyo mzuri sana, anasema niweke jiko la mkaa chumbani jioni. Mkaa ukishakolea na moshi ukaisha halina tabu, niache tu dirisha wazi kidogo. Anasema wengi hufanya hivyo. Mume wangu hataki kusikia. Hita ya umeme tuliazima kwa mtu, umeme wa LUKU ulivyokwenda mbio tukairudisha. Jambo la pili, kuoga: mama mkwe kwenye simu anasisitiza kichanga aogeshwe asubuhi na jioni kama tulivyozoea kule. Tatu, wa kati ana kikohozi, nimeletewa asali ya hapa hapa, nikaambiwa na kichanga nimlambishe kidogo ili kifua kisimbane. Halafu nepi. Nepi hazikauki jamani, nazianua jioni mbichi kama nilivyozianika.

Nisaidieni, nalala nikishtuka kila saa kumgusa kama bado ana joto.

---

Fundi_Mabanzi (Makambako)

Dada, pole na karibu nyanda za juu. Najibu la jiko kwanza kwa sababu ni la leo usiku: usiliingize chumbani. Mumeo yuko sahihi, msikilize. Mimi ni seremala, nimewahi kuitwa na familia kupasua mlango asubuhi ambao watu wa ndani walikuwa hawaufungui. Walikuwa na jiko. Sitaeleza zaidi hapa, kuna wenye kichanga wanasoma.

Kuhusu nyumba, joto lako lote linaondoka kupitia juu. Chumba kisicho na silingi hakipati joto hata ukiwa na watu watano ndani. Kama mwenye nyumba hataki gharama, chukua mabanzi au papi, pigilia fremu nyepesi kwa juu, utandaze turubai au mifuko ya salfeti iliyoshonwa pamoja. Mabanzi huku yapo kila kiwanda cha mbao na bei yake ni ndogo. Fanya chumba kimoja tu, kile mnacholala, na mlale wote humo msimu huu. Kitanda kisiguse ukuta wa nje. Chini tandika mkeka, juu yake zulia la mtumba.

Usizibe kila tundu, acha hewa kidogo ya kupita juu ya mlango.

---

NesiWaZahanati

Mama kichanga, hongera kwa mtoto. Mimi ni muuguzi, nipo kwenye zahanati wilaya mojawapo ya mkoa huu, na kila Juni hadi Agosti maswali yako ndiyo ninayokutana nayo.

Naongezea kwa fundi. Mkaa unaowaka ndani hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Inaingia kwenye damu na kushika nafasi ya oksijeni. Moshi ukiisha ndipo watu hujiona wako salama, kumbe hewa ile inaendelea kutoka, hata makaa yakiwa yanafifia chini ya majivu. Aliye macho huumwa kichwa, hupata kichefuchefu na kulegea. Aliyelala hapati nafasi ya kushtuka. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si kipimo, kwa sababu upepo ukigeuka hakuna anayejua kinachobaki ndani. Mwambie jirani yako pia, kwa upole, maana na yeye ana watoto.

Asali: wa kati wa miaka miwili na nusu anaweza kupewa kijiko kidogo kwa kikohozi, inatuliza koo. Kichanga hapana kabisa, wala kulambishwa kwa kidole, mpaka atimize mwaka 1. Asali inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvimudu, lakini kwa mtoto mchanga hutoa sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumulia. Wa wiki saba chakula chake ni ziwa tu, na baridi hii ataomba mara nyingi. Mpe.

Kuoga: mama mkwe anasema kwa mapenzi na kwa hali ya hewa ya kwao. Huku mara moja kwa siku inatosha, hata siku moja moja ukimfuta kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu hakuna ubaya. Mkaushe kichwa mara moja, mvishe kofia, ndipo mengine yaendelee.

Ili ujue kama ana joto usiguse mikono peke yake. Gusa tumbo na nyayo. Tumbo la joto na nyayo za joto, yuko sawa. Tumbo la joto na nyayo baridi, ameanza kupata baridi: mvue abaki na nepi, kofia na soksi, mweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi, jifunikeni pamoja ukiwa macho. Hakuna hita inayoshinda kifua cha mama. Ukiwa na kipimajoto, kwapani iwe kati ya 36.5 na 37.5. Usiku mvishe nguo za kutosha badala ya kumlundikia mablanketi. Blanketi moja liishie kifuani, uso uwe wazi muda wote.

Halafu jifunze kuhesabu pumzi, hili nawaomba wazazi wote wa huku. Mtoto akiwa ametulia, tazama tumbo linavyopanda kwa dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, pumzi 40 au zaidi. Ukifika hapo, au ukiona kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, au kichanga amekataa ziwa, usisubiri kupambazuke. Na chanjo ya wiki 6 kama bado, mpeleke kesho. Ndani yake kuna ya kukinga nimonia, inarudiwa wiki ya 10 na ya 14.

---

MamaWaUwemba

Kamwene mdogo wangu. Mimi nimezaliwa Uwemba, nimelea watoto wanne huku, sasa nalea na wajukuu. Hofu yako naielewa, hata sisi wenyeji Julai tunaiogopa. Huko Makete juu hata jalidi inashuka, asubuhi majani ya viazi yameungua kama yamepitiwa na moto.

Nitakwambia tunavyoishi. Huku hatupashi nyumba, tunapasha watu. Ukishika hilo hutahangaika na chumba kizima.

Jioni yetu inaanza mapema. Saa kumi na moja watoto wameshaoshwa miguu na uso kwa maji ya moto, wamevaa nguo za kulalia na sweta juu, soksi, na mzula unaofunika masikio. Wanakula jikoni, na jiko letu ni kibanda cha nje, siyo ndani ya nyumba. Kuni tunatumia za miwati kwa sababu zinawaka safi na makaa yake yanakaa muda mrefu. Tunaota moto pale, tunachoma viazi, bibi anahadithia. Mtoto anaingia kitandani tayari mwili una moto, ndiyo siri. Ukimpeleka amepoa, atapoa usiku kucha.

Kabla hawajalala, mimi hutia maji ya moto kwenye chupa ngumu yenye kifuniko cha kukaza, naifunga kwa khanga nzito, naiweka katikati ya blanketi wakati sisi tunasali. Watoto wakipanda kitanda kina joto, chupa naitoa. Usimwachie mtoto chupa kitandani, ikifunguka inaunguza. Wawili wakubwa walaze pamoja, nguo moja ya kubana ndani, halafu sweta, blanketi mbili nyepesi ni bora kuliko moja nzito. Nenda mnadani ukachague ya sufu ya mtumba, ile ukiishika inakwaruza. Zile zinazong'aa zenye picha ya simba hazina kitu.

Yule wa awali: nguo zake za shule zikunje jioni uziweke chini ya blanketi lake, miguuni. Asubuhi atavaa vitu vyenye joto na hutasikia kilio. Wangu walikuwa wanalia kwa shati la baridi kuliko kwa baridi yenyewe. Uji wa ulezi unywewe kabla ya kutoka mlangoni, tia karanga za kusaga. Maparachichi ya huku mazuri, mpondee wa kati, yanatia mwili nguvu.

Kuoga ni saa saba mchana, jua likiwa limepasha ukuta. Beseni liweke barazani upande usio na upepo.

Nepi usizianue jioni, utakuta zimenyonya ukungu. Anika saa nne, anua saa tisa, zilizobaki mbichi tundika kamba juu ya jiko la kibandani baada ya moto kupungua, halafu asubuhi zipige pasi ya mkaa ukiwa nje. Pasi inazikausha na kuzipa joto.

Na mafuta yako ya nazi hayajaharibika. Chokoa kiasi utie kwenye kichupa kidogo, kibebe kifuani ndani ya nguo tangu asubuhi, mchana ukitaka kumkanda yatakuwa yameyeyuka.

---

NesiWaZahanati

Mama wa Uwemba, shikamoo. Yote umesema vizuri, ila naomba nikupinge kwenye kibanda cha kuni, kwa kichanga tu. Moshi ule unawachosha mapafu, na wengi wa watoto wenye nimonia ninaowapokea wanashinda mgongoni mwa mama anayepika. Wakubwa waote mlango ukiwa wazi, mdogo abaki na baba.

---

MamaWaUwemba

Marahaba mwanangu. Sisi tulikulia humo humo, lakini mdogo wangu wa kuzaliwa aliugua kifua utoto wake wote, kwa hiyo sibishani na wewe. Basi binti wa Pangani, jioni isiyo na upepo moto washa nje uwanjani, mkae upande moshi usikoelekea. Kichanga abaki ndani na baba yake, kifuani, chini ya koti.

---

BintiPangani

Mama wa Uwemba, shikamoo, na asante sana. Dada nesi, kaka fundi, Mungu awalipe. Nimemsomea mume wangu yote kwa sauti. Jirani naye nilimwita akasoma mwenyewe sehemu ya jiko, akanyamaza, akasema la kwake analitoa leo.

Mafuta yapo kifuani tangu saa mbili, yameshakuwa maji. Nimehesabu pumzi za wa kati akiwa amelala, 31. Kichanga nimehesabu 44, tumbo na nyayo vya moto. Nesi, nimeelewa sawa kwamba hapo wote wako salama?

Na fundi, mwenye nyumba kakubali tuweke turubai mradi tusitoboe ukuta. Inawezekana?

---

NesiWaZahanati

Umeelewa sawa. Endelea kumhesabia wa kati asubuhi na jioni mpaka kikohozi kiishe. Kikipita wiki mbili, mlete aonekane.

---

Fundi_Mabanzi (Makambako)

Inawezekana bila kugusa ukuta. Fremu itafungwa kwa waya kwenye mbao za paa, kuta hazihusiki. Pima urefu na upana wa chumba, na kutoka sakafuni mpaka kwenye mbao ya chini kabisa ya kenchi. Weka vipimo hapa leo, mimi Jumamosi nakuja Njombe kuchukua mbao, nitapita na mabanzi yaliyokwisha kukatwa. Mumeo awepo wa kunishikia ngazi.