Tupeane uzoefu: mliosoma Nadharia ya Maarifa mtandaoni, mlipona vipi?

Bi Mdadisi: Wadau, leo nimemkuta mdogo wangu kakodolea skrini, mbele yake swali moja tu: "Unajuaje kwamba unajua?" Mwili ukanisisimka. Nikaikumbuka TOK yangu (ndiyo hiyo Nadharia ya Maarifa, Theory of Knowledge) ya diploma ya kimataifa ya IB, sekondari ya mtandaoni, sauti ya mwalimu inakatika kila anapofika penye utamu. Mimi kilichonitesa ni maonyesho: unachagua swali moja kati ya 35 yaliyowekwa, unalijibu kwa vitu vitatu na maneno 950. Nikaweka picha ya ramani niliyoiokota mtandaoni. Mwalimu akairudisha na mstari mmoja: "Ramani ya nani?" Siku nne sikumwelewa. Kumbe wanataka ramani hasa, yenye mikunjo na mwenyewe, si ramani ilimradi ramani. Haya, mliopita huko njooni.

Chura wa Kisimani: Ramani ya nani 😂😂 Mimi niliulizwa "kiti kipi?"

Kalamu Kavu: Nyie wa maonyesho mmedekezwa. Sisi wa mtaala wa zamani tulikuwa na wasilisho. Unaongea mwenyewe, wenzako wote wamezima kamera, unahutubia viboksi vyeusi kumi na viwili. Wapo? Wamelala? Hapo ndipo nilipomwelewa Descartes, yule mwanafalsafa aliyetilia shaka kila kitu.

Shuka Nyeusi: Kalamu, sema kwanza ulipata ngapi.

Kalamu Kavu: Haikuhusu.

Saa Mbovu: Ngojeni niwaambie kwa nini najiita hivi. Usiku wa kutuma insha, maneno 1,600, mwisho saa sita kamili. Niko kwenye aya ya Gettier, yule mwanafalsafa wa 1963 aliyeandika kurasa tatu tu akaivuruga ile hesabu ya tangu Plato, kwamba ukiamini jambo, likawa kweli, na una sababu nzuri, basi unalijua. Nikainua macho ukutani: saa tano kasorobo. Nikamwandikia mwenzangu "bado nina saa nzima na robo". Nikainama, nikapanga mifano, nikafuta utangulizi, nikaurudisha. Nikainua macho tena. Saa tano kasorobo. Nikatabasamu, nikasema leo akili inakimbia. Mara ya tatu ndipo nilipoutazama ule mshale wa sekunde. Umesimama, unatetemeka kidogo palepale kama mguu wa panzi.

Tovuti ilikuwa imeshafungwa. Na ukipata E kwenye TOK diploma huna, hata masomo mengine uwe umeyapasua yote. Nikamwandikia mwalimu karibu kulia. Akajibu: "Sababu uliyokuwa nayo ilikuwa nzuri. Faili sina." Kilichoniponya ni kwamba ile ilikuwa tarehe ya shule, si ya wasahihishaji. Asubuhi akanifungulia.

Shuka Nyeusi: Umetunga. Saa iliyosimama ni mfano wa mwanafalsafa Bertrand Russell, tumeusoma wote. Halafu kompyuta yako haikuwa na saa?

Saa Mbovu: Nilificha kila kitu nisishawishike kuchungulia. Ule ujumbe kwa mwenzangu una muda wake: saa tano kasorobo, dakika ileile. Yaani nilipotazama mara ya kwanza saa ilisema kweli! Swali: nilijua ni saa ngapi, au nilibahatisha?

Chura wa Kisimani: Ulibahatisha.

Mwana wa Hoja: Alijua. Kila mtu hutazama saa akaamini, nani huanza kukagua betri?

Shuka Nyeusi: Mimi siamini hata hiyo saa kama ipo.

Mwana wa Hoja: Basi na wewe tuthibitishie kwamba haipo. 😏

Mshumaa: Tatizo jingine ni lugha. Sisi "kujua" tumelibebesha kila mzigo: najua kuogelea, namjua fulani, najua kwamba maji huchemka. Wafaransa wana savoir (kujua jambo) na connaître (kumjua mtu). Nilipoligundua hilo insha ikajiandika yenyewe.

Kalamu Kavu: Insha haijiandiki.

Bi Mdadisi: Jamani, ushauri kwa mtoto.

Mshumaa: Asianze na maana ya neno kutoka kwenye kamusi. Wasahihishaji wamechoka nayo.

Chura wa Kisimani: Mimi nilianza na kamusi, nikapata B.

Mwana wa Hoja: Awashe kamera, mwalimu amwone anafikiri.

Saa Mbovu: Azime. Uso wa mtu anayefikiri na wa anayesinzia ni mmoja. Ila kila dai ajiulize "na asiyekubali angesemaje?" Huo ndio ulionivusha. Na anunue betri.

Bi Mdadisi: Nimemsomea. Anauliza kama anaweza kuitumia hiyo saa kwenye maonyesho yake.

Saa Mbovu: Ipo, sijaitengeneza mpaka leo. Ila aseme ni ya nani.

Kalamu Kavu: Nilipata C. Mmefurahi?