Ushauri jamani: ndege wa kaskazi Chwaka, nenda saa ngapi uwaone kwa karibu?

Mwalimu wa Pwani: Asalaam aleikum. Skuli tuna kundi la watoto wanaopenda kutazama ndege, na msimu huu wa kaskazi, wanapokuja ndege wahamiaji, nawapeleka Chwaka, huku Unguja. Tatizo, tukifika asubuhi maji yamekupwa mpaka kule mbali, ndege ni vidoadoa tu na jua lote liko machoni. Darubini ni moja, tunapokezana. Nifanyeje? Na jingine: tumewaona membe, wale weusi na weupe wenye mdomo mnene mweusi. Mmoja alikuwa anaandamwa na ndege wa kijivujivu anayelialia. Watoto wanabishana kama huyo ni aina nyingine.

Mlinda Mikoko: Waaleikum salaam mwalimu. Usifuate ratiba ya skuli, fuata maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi na hujaa mnamo saa kumi jioni. Nendeni saa nane mchana. Maji yakipanda, mahali pa kutafutia chakula panapungua na ndege wenyewe wanasogea pwani. Kaeni kitako penye mikoko, mtulie. Na pale Chwaka bahari iko mashariki, alasiri jua linakuwa mgongoni.

Bi Mwanamkasi: Huyo wa kijivu ni kinda lao. Membe huzaliana huko Ghuba ya Uajemi, Bahari ya Sham na pwani ya Somalia. Huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga husaidia kuliatamia. Kinda husafiri na wazee wake, na akifika huku bado anadai kulishwa. Mtazameni mzee anapokamata kaa: kinda anajikunyata, anapiga kelele, hatoki ubavuni. Watoto wa skuli watacheka, wanajijua.

Kijana wa Kusini: Mnasema ndege wa kaskazi, mbona sululu, wale wenye mdomo mrefu uliopinda, nawaona hata mwezi wa saba?

Bi Mwanamkasi: Wengi wa hao ni vijana, hawajafika umri wa kuzaa, basi hawaoni haja ya safari. Wakubwa wakati huo wako kwenye viota, huko mbali kaskazini mwa dunia.

Mtu wa Chake: Unguja mnahangaikia tope tu. Njooni Pemba, msitu wa Ngezi, muone ninga wa Pemba na chozi wa Pemba. Duniani kote hawapo mahali pengine.

Mlinda Mikoko: Hao wapo mwaka mzima, ndugu yangu, hawatukimbii. Mwalimu, mambo mawili tu. Watoto wasiwakimbize ndege. Kila wakiruka wanapoteza nguvu wanazojiwekea kwa safari ya kurudi. Na msipite katikati ya mashamba ya mwani, akina mama watawasema na watakuwa na haki. Andikeni tarehe, saa, na kama maji yanajaa au yanakupwa. Kila Januari ndege wa maji huhesabiwa nchi nyingi duniani, hivyo daftari la watoto si mchezo.

Mwalimu wa Pwani: Nimewafahamu, ahsanteni sana. Bamvua hili tutatoka baada ya sala ya adhuhuri. Kuna mwenye darubini ya kuazima?

Kijana wa Kusini: Ninayo, ila jicho la kushoto lina ukungu. Watoto watumie la kulia.