Kurudisha watoto wa kituo katika familia, Lubumbashi: tuanzie wapi?

Mlezi_Katuba aliuliza:

Jambo yenu wote. Kituo chetu cha kulea watoto kiko komine (wilaya ya mji) ya Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, kina watoto 38. Wanane hawajafika miaka mitatu, wanne wana ulemavu, sita wamevuka miaka 15, waliobaki wako shule ya msingi. Kamati imekubali watoto warudi katika familia, na mfadhili ametupa mwaka mmoja, kisha fedha za kituo zinakoma. Kwenye daftari letu watoto 23 wana baba au mama aliye hai. Waliletwa kwa sababu ya njaa, minervali (karo ya shule), ndoa mpya ya mzazi, au walisemwa ni baloji (wachawi). Watano walishuka kwenye treni kutoka Kasai.

Nauliza: tuanze na nani, karatasi gani zinatakiwa, na tufanye nini ili mtoto asirudi barabarani baada ya wiki mbili? Kwamba familia ni bora, hilo tumeshakubali. Naomba njia yenyewe.

Yaya_Asistanti alijibu:

Aksanti kwa swali, Mama. Kabla ya kumtoa mtoto wa kwanza, shughulikieni mlango. Ikiwa polisi, mchungaji au bibi anaweza kuleta mtoto saa mbili ya usiku na mlinzi akafungua, basi kila kitanda mnachokitoa kitajaa tena. Chagueni tarehe, iandikeni, pelekeni nakala Divas (ofisi ya serikali ya mambo ya jamii), polisi, kwa chifu wa kartie (mtaa), makanisani na kwenye kituo cha afya: kuanzia siku hiyo hapokelewi mtoto bila karatasi ya asistanti sosiali (ofisa wa ustawi wa jamii) wa serikali. Mtoto aliye hatarini usiku huo alale, lakini asubuhi Divas wajulishwe kwa maandishi. Na mama anayeleta mtoto kwa sababu ya njaa msimrudishe mikono mitupu. Yeye anahitaji unga na mtu wa kumtembelea. Kitanda cha mtoto anacho. Wekeni akiba ya fungu hilo, la sivyo mlinzi wenu atawaonea huruma na kufungua.

Kisha faili. Moja kwa kila mtoto, hata kama ni ndugu wa tumbo moja: jina analojiita mwenyewe, alikoishi mara ya mwisho (avenyu, mti, kanisa, soko la karibu), nani alimleta, ndugu zake kwa majina, nani amemtembelea na lini. Mtoto wa Kasai ahojiwe kwa Tshiluba, lugha ya kwao. Ukimhoji kwa Kiswahili atakupa majibu mafupi ya kukuridhisha, na utapoteza miezi kutafuta mtaa usiokuwepo.

Kwa mpangilio, mimi ningeanza na wale ambao mzazi yuko hapa hapa mjini na ametembelea ndani ya miezi mitatu. Kwa hao ninyi mtajifunza kazi.

Ziara ya nyumbani ifanyike angalau mara mbili, moja bila taarifa. Angalieni nani analala wapi, sufuria inapanda jikoni mara ngapi kwa siku, na nani anabeba bidon la lita 20 kutoka bombani. Ulizeni watoto wa nyumba hiyo. Na zungumzeni na mama wa kambo peke yake, mume akiwa hayupo. Makubaliano mengi huvunjwa na mtu ambaye hakuulizwa: baba amesema ndiyo barazani, lakini atakayepika, kufua na kuamka usiku ni mwingine.

Mkihamisha, msihamishe kwa siku moja. Familia ije kituoni mara mbili tatu, mtoto aende mchana mmoja, kisha Jumamosi na Jumapili, kisha wiki mbili. Wakati mzuri kwetu ni Julai, shule zikifungwa: mtoto anapata kiangazi kizima cha kuzoea nyumba kabla ya Septemba. Anayehamishwa katikati ya muhula anabadilishiwa mama, kitanda, mwalimu na marafiki wiki hiyo hiyo, halafu watu wanashangaa akitoroka.

Vitu mtakavyompa: godoro, blanketi, chandarua, viatu, yunifomu, madaftari. Lakini kama nyumba ina watoto wanne wengine, vyandarua viwe vya wote. Mtoto anayerudi na vitu vipya kati ya wenzake wanaolala kwenye mkeka anachukiwa usiku wa kwanza. Mtaji wa mama (makala ya kupikia, unga, chochote anachokijua tayari) utoeni mara mbili, nusu sasa na nusu baada ya miezi miwili mkiona biashara inatembea.

Ufuatiliaji: siku ya tatu, wiki ya pili, ya nne, kisha kila mwezi hadi wa sita, kisha wa tisa na wa kumi na mbili. Hatari ziko sehemu mbili. Wiki ya pili, unga mliotoa umekwisha na sherehe imepoa. Na Septemba: shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini yunifomu na madaftari havijawahi kuwa bure. Asistanti mmoja asibebe zaidi ya watoto 25 kwa wakati mmoja. Akizidisha, ziara zitageuka simu, na kwenye simu kila mtoto "yuko muzuri".

Wakili_Lushi alijibu:

Kwa upande wa karatasi. Sheria yenu ni ile nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto. Kifungu cha 62 kinataja watoto walio katika hali ngumu, na wenu karibu wote wamo. Kumweka mtoto katika familia ni kazi ya asistanti sosiali pamoja na tribinali (mahakama) ya watoto. Kituo hakiwezi kumgawa mtoto kwa mapatano yake chenyewe, hata akienda kwa shangazi. Andikeni hati ya makabidhiano, isainiwe na familia, kituo, Divas na chifu wa kartie, na kila mmoja abaki na nakala. Iseme wazi nani anawajibika kwa shule na matibabu, na kwamba ziara zitaendelea.

Cheti cha kuzaliwa: siku 90 za kwanza huandikishwa kwa ofisa wa komine, zikipita, inahitajika hukumu ya tribinali. Pelekeni majina yote 38 kwa pamoja, mapema, kwa sababu foleni ni ndefu.

Waliosemwa ni baloji: kifungu cha 160 kinamwadhibu anayemshtaki mtoto uchawi, kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu na faini. Mweleze mchungaji kifungu hicho kwa upole kabla mtoto hajarudi kwenye kartie, mbele ya wazee. Ikiwa nyumba ile bado inaamini, msimrudishe humo. Tafuteni mjomba au shangazi wa komine nyingine.

Jambo la mwisho: familia ya kupokea si familia ya kuasili. Kuasili kunapita tribinalini, kwa njia yake, na hati ya makabidhiano haimpi mtu yeyote ruhusa ya kumvusha mtoto mpaka wa nchi.

Muganga_Kampemba alijibu:

Yaya Asistanti, mengi umesema vizuri, ila kwenye mpangilio sikubaliani nawe. Wale wanane wadogo hawawezi kungoja tujifunze kazi kwa wakubwa. Utafiti uliofanyika Bucharest, Romania, kwa watoto 136 waliokuwa kwenye vituo, ulionyesha kwamba waliopelekwa katika familia za kuwapokea kabla ya kutimiza miaka miwili walifanya vizuri kuliko waliochelewa. Mtoto mchanga anayelelewa kwa zamu, mama huyu asubuhi na yule usiku, anakosa mtu mmoja wa kumjua. Mwaka kwake ni maisha yote.

Mara nyingi mchanga huletwa kwa sababu mama amefariki wakati wa kujifungua na bibi hana maziwa. Basi pigeni hesabu ya maziwa. Mtoto wa kilo 6 hunywa karibu mililita 900 kwa siku, yaani gramu 120 hivi za unga wa maziwa. Kopo la gramu 400 halimalizi siku nne, kwa hiyo ni makopo tisa kwa mwezi. Bibi akipewa makopo mawili, atazidisha maji. Hilo ndilo kosa linaloua, na anayelifanya ni mtu anayempenda mtoto. Mhakikishieni makopo yote hadi miezi sita, na mengine pamoja na uji hadi mwaka.

Muonyesheni kwa mikono yake: maji yachemke, yakae yasizidi nusu saa, yaanze kuchanganywa yangali moto sana (yasishuke chini ya nyuzi 70), kisha kikombe kipozwe ndani ya beseni la maji baridi. Anyweshwe kwa kikombe. Chupa ni ngumu kusafisha bila bomba ndani ya nyumba. Kilo zipimwe kila wiki mwezi wa kwanza. Uzito ukisimama wiki mbili, mtu aende nyumbani siku hiyo hiyo.

Yaya_Asistanti alijibu:

Nakubali, Muganga. Wadogo waanze siku moja na wale wa mjini, kila kundi na asistanti wake.

Naongeza kuhusu watano wa Kasai. Msitangaze picha zao kwenye WhatsApp. Watajitokeza mashangazi ambao mtoto hajawahi kuwaona. Ombeni Msalaba Mwekundu wasaidie kutafuta, na jamaa akipatikana, ulizeni pande zote mbili bila wao kusikilizana: jina la mdogo wake, kovu liko wapi, mlango wa nyumba unatazama nini. Majibu yakipishana, safari isubiri.

Mlezi_Katuba alijibu:

Mumenisaidia sana. Imebaki moja inayoninyima usingizi: walezi wetu tisa wanaogopa kupoteza kazi, na wameanza kuwaambia watoto kwamba nyumbani watapigwa.

Baba_Hesabu_Kenya alijibu:

Mama, waonyesheni hesabu mapema, wao na mfadhili. Chukueni matumizi yote ya mwezi: mishahara, makala, umeme, ukarabati, chakula. Tuseme ni dola 3,200: kwa watoto 38 ni dola 84 kila mmoja, na sehemu kubwa haifiki kwenye sahani. Mwombeni mfadhili fedha zimfuate mtoto kwa miaka miwili baada ya kuondoka, badala ya kukoma mtoto wa mwisho akitoka. Mfadhili anayehesabu vitanda tu atawavunja katikati ya njia, kwa hiyo hilo liandikwe kabla ya tarehe ya kufunga mlango. Hata nchi ya Kenya walijipa muda, mpango wao wa taifa ni wa 2022 hadi 2032. Mwaka mmoja unatosha kwa wale 23, kwa wote hautoshi.

Walezi wenu wasiachwe. Watatu wanne wafundishwe kazi ya kutembelea familia, jengo ligeuzwe mahali pa kusomea jioni kwa watoto wa kartie, na vijana wa miaka 15 na kuendelea wapate chumba cha wawili wawili karibu nalo pamoja na ufundi.

Na kwa wale wanne wenye ulemavu, mlezi ndiye ufunguo. Mama anayemlisha mtoto asiyeweza kushika shingo anajua kitu ambacho hakimo kwenye faili: amkalishe wima, kichwa kiinamie mbele kidogo, kijiko kidogo, amsubiri ameze kabla ya kingine, nusu saa nzima kwa sahani moja. Bibi asiyeonyeshwa atamlaza chali, chakula kitaingia mapafuni. Mlezi huyo aende kukaa na familia siku tatu za kwanza, amlishe mtoto huku bibi akitazama, kisha bibi amlishe mtoto huku mlezi akitazama. Na kiti alichozoea mtoto kiende naye kwenye gari hilo hilo.