Tupeane uzoefu: kiu isiyokwisha hata ukinywa jagi zima

Mwanzisha mada (Nkuhungu, Dodoma mjini)

Mbukwenyi, ndugu zangu. Sisi wa ukanda huu mkame tuna jibu moja kwa kila anayelalamikia kiu: jua, vumbi na maji ya chumvi. Mara nyingi jibu hilo ni la kweli, na ndiyo maana lilinichelewesha.

Kiu yangu ilianza mwezi Julai, wakati ambapo usiku wa hapa huwa na baridi na upepo wa kumlaza mtu na blanketi mbili. Nilikuwa naweka jagi la lita mbili kando ya kitanda, na kabla ya alfajiri lilikuwa tupu. Mke wangu alihesabu safari zangu za chooni, zikafika tano kwa usiku mmoja, nami nikamjibu kwamba anayekunywa sana lazima akojoe sana. Asubuhi moja nikakuta sisimizi wamejaa pale mkojo ulipodondokea. Mama mkwe, aliyekuwa mgeni wetu, aliponiona ninawamwagia maji alisema bila kuzunguka: "Baba, hao hawafuati maji, wanafuata sukari. Nenda kapime."

Nilipima sukari kabla ya kutia kitu kinywani, ikasoma 14.2 (milimoli kwa lita ya damu), wakati kwa mtu aliyefunga kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0. Daktari alinieleza kwamba figo huirudisha sukari kwenye damu mpaka inapofika kiasi cha 10 hivi. Ikizidi hapo humwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo, mwili ukakauka, ndipo ubongo ukaagiza mtu anywe. Kumbe nilikuwa nimepindua mambo: kukojoa kulitangulia, kiu ikafuata. Aliyepitia kiu ya namna hii, iwe ya sukari au ya sababu nyingine, naomba atusimulie.

Mchangiaji wa pili, mwalimu (Kongwa)

Mwanangu alikuwa na miaka tisa. Alianza kuomba ruhusa ya kutoka darasani kila kipindi, na nyumbani akarudia kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka mitatu. Nakiri kwa aibu kwamba nilimfokea. Nguo za shule zilimpwaya ingawa alikula vizuri kuliko ndugu zake. Alipoanza kutapika na kulalamikia tumbo tulimpeleka kituo cha afya, akapewa dawa za malaria na hakuna aliyemtoboa kidole kupima sukari. Siku ya tatu alikuwa anahema kwa nguvu kama aliyekimbia, na pumzi yake ilinuka tamu, kama tunda lililoiva kupita kiasi. Hospitali tuliyokimbilia, kifaa hakikutoa namba hata moja. Kiliandika tu kwamba sukari imepita uwezo wake wa kusoma. Alikaa siku nne kwenye dripu na insulini. Leo yuko darasa la saba na anajichoma sindano mwenyewe. Wazazi wenzangu, mtoto mwenye kiu kali, anayekojoa sana na kukonda apimwe sukari siku hiyo hiyo, hata kama homa ipo.

Mchangiaji wa tatu, dereva wa bodaboda

Mimi nilikuwa nazima kiu kwa soda baridi, tatu mpaka nne kwa siku, nikiamini zinanirudishia nguvu, na kila nilivyozidisha ndivyo kiu ilivyozidi. Mengine mnayajua.

Mchangiaji wa nne, mkulima wa mpunga (Bahi)

Naomba tusitishane. Nami nilipatwa na kiu kali wakati wa kuvuna, nikakimbilia kupima, ikasoma 5.1. Niliulizwa mkojo wangu ukoje, nikasema ni kidogo na una rangi ya chai ya rangi. Nikaambiwa huo ni upungufu wa maji kwa jasho, ninywe kabla ya kuhisi kiu na nipumzike kivulini saa za mchana. Kwa siku mbili kiu iliisha.

Mchangiaji wa tano, muuguzi mstaafu (Mpwapwa)

Ndugu wa Bahi ameigusa alama ninayoiona kubwa kuliko zote. Kiu ya jua, ya kuharisha au ya chakula chenye chumvi nyingi huja na mkojo mchache wenye rangi nzito. Kiu inayokuja na mkojo mwingi, hasa wa usiku, inadai vipimo. Kisukari ndicho tunachokitafuta kwanza, lakini hakiko peke yake. Vidonge vya presha vya kukojoza maji huleta hali hiyo, na vivyo hivyo madini ya kalisi (kalsiamu) yaliyozidi kwenye damu. Dawa ya lithiamu, wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa akili, inaweza kuzifanya figo zishindwe kuyabana maji. Wapo pia wachache ambao homoni ya ubongo inayoyazuia maji yasipotee imepungua: hukojoa zaidi ya lita tatu kwa siku, mkojo mweupe kama maji ya bomba, na sukari yao ni ya kawaida. Hao msiwanyime maji kwa kudhani ni mazoea mabaya, kwani wakikosa hukauka haraka sana.

Kuna pia wanaosema wana kiu kumbe ni mdomo uliokauka. Amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu ya neva, na baadhi ya dawa za mzio hukausha mate. Usiache dawa kwa kujiamulia; mwambie aliyekuandikia.

Mwanzisha mada

Ahsanteni. Kwangu kiu ilipungua wiki ya pili ya metformini, vidonge vya kushusha sukari, na chai isiyo na sukari, na sasa naamka mara moja tu usiku. Mwalimu wa Kongwa, jirani yangu ana mtoto wa insulini na hawana jokofu. Ninyi mnaitunzaje?

Mwalimu (Kongwa)

Vyungu viwili vya udongo, kidogo ndani ya kikubwa, na katikati mchanga tunaoulowesha asubuhi na jioni. Chupa tunaifunga kwenye mfuko ili isilowe, tunafunika kwa kitambaa kibichi, na chungu kinakaa kivulini penye upepo. Hewa yetu kavu hunyonya maji ya mchanga haraka, ndiyo maana ndani hupoa vizuri. Aende kliniki aulize chupa iliyofunguliwa idumu siku ngapi, na aandike tarehe ya kuifungua kwenye lebo.