Wakuu, kwa nini Mark Twain aliuza vitabu nyumba kwa nyumba wakati maduka yalikuwepo?

Mswada_Mkononi:
Wakuu habari za jioni. Nimekuwa nasomasoma habari za Mark Twain, yule mwandishi Mmarekani wa karne ya 19, wa Tom Sawyer na Huckleberry Finn, nikakuta kumbe vitabu vyake vingi havikupitia dukani, kulikuwa na watu wanazunguka nyumba kwa nyumba wanaandikisha majina, kitabu chenyewe kinakuja baadaye. Sasa kinachonitatiza, New York na Boston si zilikuwa na wachapishaji wakubwa miaka hiyo, mbona mtu mwenye jina kama lake apitie njia hiyo? Na mtu wa kijijini alikubali vipi kuandika jina kwa kitabu ambacho hajakiona? Hela alikuwa anatoa lini? Anayejua naomba anifafanulie, nauliza kwa sababu nina mswada wangu na huku mkoani maduka ya vitabu ya kuhesabu.

Karani wa Chapa:
Mkuu ngoja nianze na hapo kwenye maduka. Yalikuwepo kweli ila mijini, na sensa yao ya 1870 inaonyesha karibu robo tatu ya Wamarekani walikuwa wanaishi nje ya miji, mashambani huko Ohio, Iowa, Kansas, mtu anakuja mjini kununua misumari na chumvi anarudi zake. Wachapishaji wa New York na Boston hawakuwa na njia ya kumfikia huyo. Jamaa wa Hartford, Connecticut wakaliona hilo pengo, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoisha 1865 kukawa na watu wengi wanatafuta cha kufanya, askari waliorudi, wengine hawana mguu au mkono, wajane, walimu wakati shule zimefungwa, hao ndio wakawa maajenti.

Ajenti alikuwa anapewa eneo lake na anapewa kitabu cha sampuli, na kwangu mimi hicho ndicho kilichobeba biashara nzima. Ndani kuna kurasa za kuonjesha, zile tamu tu, michoro kibao, halafu wamebandika vipande vya jalada la kitambaa na la ngozi ili mteja ashike kwa mkono wake achague, na mwishoni kurasa tupu zenye mistari za kuandika majina. Alifundishwa aanze na mchungaji, daktari, wakubwa wa pale mahali, kwa sababu jirani akifungua akakuta majina yao anaona aibu lake kukosekana. Kwa hiyo aliyeandika alikuwa ameonja kidogo, na hela hatoi siku hiyo, anatia saini, kitabu kikifika mlangoni ndio analipa. Kampuni inajua kabla ya kuchapa kwamba ina oda ngapi, na ajenti anabaki na komisheni kubwa, asilimia 40 hivi ya bei au hata zaidi.

Kuhusu Twain, Elisha Bliss wa American Publishing Company ya Hartford ndiye aliyemwandikia mwishoni mwa 1867 baada ya kusoma barua zake za safari magazetini. Kitabu cha safari hiyo, The Innocents Abroad, kikatoka 1869, kurasa zaidi ya 600, michoro zaidi ya 200, bei ya chini dola 3.50, na mwaka wa kwanza zikaenda karibu nakala 70,000. Unene ule haukuwa bahati mbaya, mkulima anayetoa dola tatu na nusu anataka kitu kizito, anaweka sebuleni familia nzima inakisoma majira ya baridi. Twain aliendelea na njia hii miaka mingi kwa sababu ilimlipa.

Bibi Maktaba:
Karani umeeleza vizuri ila tusiipambe sana hii biashara. Vitabu vingi vilivyouzwa hivyo vilikuwa vya kuparazaparaza tu, vimejazwa kurasa ili vionekane vinene, na mteja akishatia saini hana namna ya kujua kinachokuja kama kinafanana na ile sampuli. Maajenti wengine nao walikuwa ving'ang'anizi mpaka watu wakawachukia.

Na Twain mwenyewe aliumia. Tom Sawyer ya 1876 Bliss aliichelewesha kuitoa Marekani, Uingereza ikawa imeshatoka, basi Belford Brothers wa Kanada wakaichapa bila ruhusa wakaimwaga Marekani kwa bei ya chini. Kungoja oda zijae kulimpa mwizi muda wa kutosha, na Mswada ukitaka kufuata hii njia hapo ndipo pa kuogopa kuliko pote.

Karani wa Chapa:
Kweli dada, hapo sibishi. Ila ukitaka kuona nguvu ya njia hii angalia kitabu cha Grant. Ulysses Grant, jenerali aliyeshinda vita na baadaye rais, 1884 alifilisika kabisa baada ya mshirika wake wa biashara kumtapeli, na mwaka huohuo akaanza kuumwa saratani ya koo. Kampuni ya uchapishaji ya Century ilimwahidi mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, wa asilimia 10. Twain, ambaye alikuwa ndio kwanza ameanzisha kampuni yake ya Charles L. Webster, akampa asilimia 70 ya faida. Mzee akaandika na maumivu yale, akamaliza, siku chache tu baadaye akafariki, tarehe 23 Julai 1885. Maajenti wengi walikuwa askari waliopigana chini yake, sasa fikiria mtu anagonga mlango wa mwenzake wa vitani anamwambia hiki ndicho kitabu cha jenerali wetu na mjane wake anakihitaji. Zikauzwa seti zaidi ya 300,000 za juzuu mbili mbili, na Februari 1886 mjane akapokea hundi ya dola 200,000, jumla ikapita 400,000. Sidhani kama kuna duka lingeweza kufanya vile.

Mswada_Mkononi:
Hii ya Grant imenigusa kwa kweli. Sasa kama ilikuwa inalipa hivyo kampuni ya Twain ilikufaje? Maana nimesoma naye alifilisika.

Bibi Maktaba:
Ilimezwa na mauzo yake yenyewe mwanangu. Walikuwa na mkusanyiko wa fasihi ya Marekani, juzuu 11, wakauza kwa malipo ya kidogo kidogo kila mwezi. Kampuni inalipa uchapaji leo, inalipa komisheni ya ajenti leo, mteja analeta vidola vyake taratibu, kwa hiyo oda zikiongezeka ndio hela inavyozidi kukauka. Na kabla ya hapo kulikuwa na kitabu cha maisha ya Papa Leo XIII, 1887, Twain akiamini kila Mkatoliki atanunua, wengi hawakununua. Aprili 1894 kampuni ikafunga. Twain akazunguka dunia akihutubia kwa kiingilio, India, Afrika Kusini, na kufikia 1898 alikuwa amemaliza kuwalipa wanaomdai.

Mtu wa Ujiji:
Niongeze cha upande wetu. Kitabu cha Stanley, yule mzungu mvumbuzi aliyepita bara letu, cha 1890, In Darkest Africa, wachapishaji Scribner's waliuza Marekani kwa njia hiihii ya maajenti. Alifika Bagamoyo akitoka bara Desemba 1889, akaenda kukiandikia Cairo, na huku hajamaliza kampuni nyingine zikakusanya habari za magazetini zikachapa vitabu vinene vya Stanley na maajenti wao wakaingia barabarani. Mkulima wa Kansas aliijua Zanzibar kupitia michoro ile, na mingi ilituchora vibaya, inaniuma mpaka leo.

Halafu wale wainjilisti wa vitabu wa Wasabato wanaopita mitaani kwetu na mabegi, asili yao ni hiyohiyo. Mtu wao wa kwanza anahesabiwa George King, aliyewashawishi viongozi wachape kitabu chenye picha cha Danieli na Ufunuo, akaanza kukizungusha 1882.

Karani wa Chapa:
Mtu wa Ujiji asante sana. Mswada, kuna mmoja umsome kwa makini, William Still, mtu mweusi wa Philadelphia aliyewasaidia watumwa waliokuwa wanatoroka na akaandika habari zao kwa siri. The Underground Railroad ilitoka 1872, ikauzwa kwa maajenti, na Still alihangaika mwenyewe kuwatafuta na kuwasimamia, kisha matoleo ya baadaye akayachapa mwenyewe. Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa mpinga utumwa maarufu, jina lake lilikuwa kubwa kuliko la Still, na kitabu chake cha 1881 kilitolewa na kampuni ya Hartford kwa njia hiyohiyo, kikauza vibaya mpaka akasononeka. Kwa hiyo kabla hujachapa anza na watu wako wawili watatu wa kuzunguka, uwafundishe, uende nao.