Batman mpya kafulia, na mimi nimepewa kazi ya kumchora kwenye bajaji

FundiRangi_Mwanjelwa

Wakuu, salama? Mimi ni mchora mabango, kijiwe changu kipo Mwanjelwa hapa Mbeya. Kama umewahi kupanda bajaji yenye Spider-Man kwa nyuma, ananing'inia kichwa chini, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, huyo ni wangu wa mwaka wa kwanza. Samahani. Siku hizi miguu inalingana.

Sasa iko hivi. Jumatatu kaja mteja na bajaji, anataka Batman turubai zima la nyuma. Nikamwambia vumilia mpaka Jumatano, kuna Batman mpya anatoka. Akacheka: "Batman ni Batman, popo ana upya gani?" Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024 nikainunua katuni ya Absolute Batman namba 1 kwa simu. Dola 4.99, elfu kumi na tatu na ushee, kwa kitu unachomaliza kabla chai haijapoa. Nimeisoma mara tatu: ya kwanza hadithi, ya pili michoro, ya tatu nikiwa na chaki mkononi mbele ya turubai.

Asiyetaka kuharibiwa utamu aruke aya hii. Bruce Wayne wa humu hana jumba wala urithi. Ni injinia wa jiji, anakwenda kazini kama wewe na mimi. Kakulia Crime Alley, uswahilini kabisa, na wale tuliozoea kuwaona ni maadui zake, akina Penguin, Riddler na Killer Croc, ni washikaji zake wa utotoni. Baba yake si yule daktari tajiri. Ni mwalimu, kauawa siku aliyowapeleka wanafunzi kutembelea bustani ya wanyama. Anayesimulia ni Alfred, ila huyu si Alfred wa kukuletea chai kwenye sinia. Ni jasusi wa Kiingereza, katumwa kuja kuchungulia. Na mwishoni kuna mama. Sisemi zaidi.

Hadithi ya Scott Snyder nimeikubali, lakini kilichonikalisha kitako ni mwili. Mchoraji ni Nick Dragotta, na huyu Batman kamchora kama mbeba magunia wa viazi pale sokoni asubuhi lori la kutoka mashambani linapofika. Bega tu linajaza fremu. Popo wa kifuani si kale kanembo kembamba tulichozoea, ni pande nene la mraba, na linachomoka likawa kichwa cha shoka! Masikio nayo yanachomoka, kumbe ni visu. Hiyo ndiyo akili ya mtu asiye na hela. Gari la kivita huna uwezo nalo, basi kila ulichovaa lazima kifanye kazi mbili. Mimi hapa kopo la rangi likiisha ni kiti.

Nilichokichukia: maelezo ya Alfred ni mengi, na kwenye simu yangu yenye ufa wa kioo herufi zinaonekana kama sisimizi. Unavuta picha usome, ukishasoma umepotea hujui fremu inayofuata ni ipi.

Naomba ushauri. Mliomsoma mmemwonaje? Halafu, nijibane ninunue kila toleo, au nisubiri yakusanywe kitabu kimoja? Na la muhimu kuliko yote: mteja anataka MUNGU NI MWEMA kwa herufi kubwa juu ya kichwa cha Batman. Masikio yanaingia kwenye maneno. Nikate masikio?

Mnyalukolo_Kihesa

Kamwene, fundi. Mimi sijamsoma na simsomi. Nguvu ya Superman ni jua, nguvu ya Batman ni pochi. Tangu Detective Comics namba 27 ya mwaka 1939, Bob Kane na Bill Finger walipomtoa, Bruce Wayne ni mtoto wa kishua anayejifanya hana kazi ya kufanya. Raha yake yote ipo hapo, mchana mlegevu, usiku balaa. Ukimnyang'anya hela umebaki na jamaa mmoja mwenye hasira na shoka, na hao hata hapa Iringa tunao. Kesho mtaniletea Superman asiyepaa.

FundiRangi_Mwanjelwa

Mkuu hapo umejipiga ngwala mwenyewe. Superman wa kwanza kabisa, Action Comics namba 1 ya 1938, hakuwa anapaa. Alikuwa anaruka, kama panzi. Kupaa kumekuja baadaye, na leo wewe unakutetea kama vile kumeandikwa kwenye msahafu.

Mnyalukolo_Kihesa

Panzi nimeikubali. Pochi siiachii.

TeacherWaTukuyu

Fundi, ugonile. Kwanza asante kwa onyo la utamu, wengine humu wanamwaga tu. Pili, ungemshauri huyo mteja wako achukue Spider-Man. Mimi tangu Januari nafuata Ultimate Spider-Man ya Jonathan Hickman, anachora Marco Checchetto, na sijawahi kupenda katuni hivi. Peter Parker humu ni baba wa familia. Ana ndevu, ana mke, Mary Jane, ana watoto wawili, na nguvu anazipata akiwa mtu mzima kabisa. Buibui anapelekewa, na anaulizwa unataka au hutaki. Anajua kuna kitu maishani mwake kimekosekana ila hakijui.

Ninayempenda zaidi hata si yeye, ni Uncle Ben, aliyemlea Peter. Sote tunajua Ben lazima afe, ndivyo ilivyo tangu Stan Lee na Steve Ditko walipoiandika mwaka 1962. Humu yupo hai! Aliyefariki ni mkewe, Aunt May. Ben ni mjane, na yeye na yule mhariri mkali Jameson wanaacha kazi wanaanzisha gazeti lao wenyewe. Kuna kurasa wazee wawili wanabishana tu, hakuna ngumi hata moja, na nilizirudia.

Nasoma usiku wanangu wakilala. Mvua ya huku unaijua, bati linapiga kelele, husikii mtu akikuita. Mdogo wangu wa kiume ananiambia mwalimu mzima unasoma vibonzo. Nikamwambia wewe unaangalia watu ishirini na wawili wanakimbizia mpira, tena unalia.

Kuhusu hilo shoka, mimi hapana. Nitamsoma kwa ajili yako, ila wanangu hawamwoni.

FundiRangi_Mwanjelwa

Ugonile, mwalimu. Hapo kwenye ndevu umenigusa, Spider-Man mwenye ndevu sijawahi kumchora. Shida ni kwamba akivaa kinyago ndevu hazionekani, mteja atasema nimemwibia.

Mzee_wa_Makambako

Vijana hamjambo. Nawasoma tu huku natabasamu. Swali la kununua kila toleo au kusubiri, nitalijibu kwa kisa.

Nilikuwa na kawaida ya kupekua vitabu vya mtumba kila nikipita Mbeya. Siku moja, miaka ya tisini mwishoni, chini ya rundo la vitabu vya mapishi na kamusi za Kijerumani nikakuta Superman namba 75. Ile iliyotoka Novemba 1992, anapigana na lile jitu Doomsday hadi wote wawili wanaanguka. Nikasoma kwenye basi. Ile toleo kila ukurasa ni picha moja tu, hakuna kugawanya fremu, kwa hiyo kila ukifunua ni pigo. Nilipofika mwisho Superman kafa mikononi mwa mchumba wake, Lois Lane. Kafa! Sisi wa vibanda umiza tulifundishwa steringi hafi. Nilikaa kimya kuanzia Igawa hadi nyumbani, mke wangu akaniuliza kama kuna msiba.

Kurudi kwake kuliandikwa mwaka uliofuata, 1993. Mimi sikujua. Toleo lililofuata halikuwepo kwenye lile rundo. Kwa hiyo kwangu Superman alikuwa marehemu kwa miaka kama kumi, hadi mpwa wangu aliponionyesha kwenye kompyuta. Nikafurahi, lakini pia nikaona kama nimetapeliwa majonzi yangu.

Ningeyapata yote yamekusanywa pamoja, ningeendelea tu kufunua kurasa hadi nimkute kafufuka. Nunua moja moja, fundi. Ukae na hofu yako mwezi mzima.

TeacherWaTukuyu

Shikamoo mzee. Miaka kumi! Pole kwa msiba.

Mzee_wa_Makambako

Marahaba mwanangu. Nimeshapoa.

Mnyalukolo_Kihesa

Shikamoo mzee. Kwa heshima yako, ushauri huo ni wa mwenye pensheni. Fundi, piga hesabu: toleo sita kwa bei hiyo ni zaidi ya elfu themanini. Wakikusanya kitabu kimoja mara nyingi inashuka. Na kama ni Marvel, wale wanaotoa Spider-Man, wana huduma ya kulipia kwa mwezi, toleo linaingia baada ya kama miezi mitatu, unasoma mpaka macho yaume. Mimi nipo miezi mitatu nyuma ya dunia na sijawahi kuumwa.

FundiRangi_Mwanjelwa

Nimerudi wakuu, na rangi hadi kwenye nyusi.

Nimeamua: Batman nanunua moja moja, kwa sababu kwangu ni kazi, mteja akilipa nusu tu, bei ya toleo imerudi. Spider-Man wa mwalimu nitamsubiri kwa njia ya Mnyalukolo.

Turubai nimemaliza Jumamosi. Oktoba hii vumbi halina adabu, kila gari likipita rangi ya mafuta inashika mchanga, ikabidi niisogeze bajaji nyuma ya duka la jirani na kuizungushia kanga mbili. Nyeusi nimeipaka kwa mapande makubwa kama Dragotta, sikuhangaika na vistari vya misuli, na kifua kimekaa, ukisimama hatua kumi unaona uzito. Nilichoshindwa ni ile rangi ya jioni ya Frank Martin, mtia rangi wa katuni hiyo. Nimechanganya nyekundu na njano na tina mpaka nikapata kitu kinachofanana na juisi ya ukwaju.

Kuhusu masikio, sikuyakata. Nimeyapitisha katikati ya maneno, sikio moja baada ya MUNGU, jingine kabla ya MWEMA, NI ikabaki katikati ya visu viwili. Mteja kaizunguka bajaji mara mbili bila kusema kitu. Halafu akauliza: "Sasa mbona umemnenepesha?"

Nikamwambia ni injinia. Akalipa.