Watoto wa kitengo waingie timu ya shule, au wabaki na mpira wao?

Mleta mada: Wakuu, shule yetu ya msingi ina kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Mwalimu wao aliomba vijana wawili waingie mazoezi ya timu inayojiandaa na UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Kocha akamjibu, "Niache nishinde kwanza." Hakusema kwa dharau, alisema kwa uchovu. Mwaka jana tulitolewa mapema na kamati ya shule ikamkalia kooni, kwa hiyo sitaki tumtukane. Nauliza tu: kocha wa namna hii alazimishwe au aachwe?

Mimi nasema alazimishwe. Utaratibu upo. Special Olympics, michezo ya wenye ulemavu wa akili iliyoanzia Chicago mwaka 1968, ina michezo jumuishi: katika soka la watano kwa watano, uwanjani wanakuwapo watatu wenye ulemavu wa akili na wawili wasio nao, na timu hukutanishwa na zenye uwezo unaokaribiana. Kocha hawezi kuwaficha wote benchi, idadi hiyo ni kanuni.

Kocha wa sekondari: Mkuu, unaongea kama ambaye hajawahi kushika filimbi. Nina vijana arobaini na mipira miwili, mmoja unavuja upepo. Halafu kuna hili. Niliwahi kuwa na kijana mwenye sindromu ya Down. Nimemfundisha kupiga kichwa mwezi mzima, ndipo daktari ananiambia baadhi yao mifupa ya juu ya shingo huwa imelegea, vichwa na sarakasi ni hatari mpaka apimwe. Niliishiwa nguvu. Kozi niliyosoma haikuligusa hilo hata kidogo. Msiseme nina chuki. Naogopa.

Mama wa mtoto mwenye usonji: Shikamoo kocha. Hofu yako naielewa, ila mlishawahi kutuuliza wazazi? Wangu filimbi ikilia karibu anaziba masikio na kukimbia. Ukimwonyesha kwa mkono anafuata vizuri tu. Ni maongezi ya dakika tano pale getini, na miaka yote hii hakuna kocha aliyenisimamisha.

Mchangiaji mwingine: Napinga. Mkishaweka kombe, mamluki hawa hapa. Paralimpiki ya Sydney 2000, yaani Olimpiki ya wenye ulemavu, Hispania walichukua dhahabu ya kikapu cha wenye ulemavu wa akili, kumbe wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu huo. Walioumia nani? Wenye ulemavu wenyewe. Waliondolewa Paralimpiki, wakarudi London 2012.

Mleta mada: Mkuu, kisa ni cha kweli ila hakikusaidii. Ile haikuwa timu ya mchanganyiko, ilikuwa kwenye kundi la peke yao, yaani hichohicho mnachokitaka ninyi. Na kelele za mamluki kwenye michezo ya shule tumezisikia miaka nenda rudi, mbona mashindano hatujafuta?

Mwalimu wa kitengo (mkoa mwingine): Mnabishana kama vile kuingia timu ndiyo mwisho wa safari. Mwanafunzi wangu mmoja alikubaliwa timu ya shule. Kocha akatangaza mstarini, watu wakapiga makofi. Siku ya mechi amekaa uwanjani dakika ishirini, wenzake hawakumpa pasi hata moja. Akatoka, akavua viatu, akaniambia hataki tena. Kesho yake alikuwa anadaka mpira na wenzake wa kitengo huku anacheka. Sasa niambieni, yule alijumuishwa? Kocha yule hakuwa mbaya, nisimsingizie. Aliamini kazi yake imeisha alipomwandika jina. Mimi kocha akinikatalia waziwazi nina pa kuanzia, naweza kubishana naye. Huyu wa makofi nitabishana naye nini?

Kocha wa sekondari: Mwalimu, hilo la pasi kwa kweli sijawahi kuhesabu. Huyo kijana alipangwa namba ngapi?

Mwalimu wa kitengo: Hakupangwa namba. Aliambiwa asimame karibu na kibendera.